Akili mnemba kwenye vipimo vya moyo: modeli ndiyo sehemu rahisi

Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa hesabu ambayo kila mjadala wa jambo hili ungepaswa kuanza nayo. Wagonjwa 398,978 nchini Marekani, ambao hawakuwa wakijulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, waliingizwa katheta kwa miadi, si kwa dharura. Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi kwenye moyo, kisha dawa ya rangi humwagwa ndani na picha za eksirei kupigwa. Waliokutwa na mshipa uliobanwa kiasi cha kuzuia damu walikuwa asilimia 37.6. Waliobaki, zaidi ya sita katika kila kumi, walitobolewa na kupigwa mionzi ili waambiwe kwamba hakuna kizuizi kikubwa.

Pengo hilo ndilo akili mnemba inaitwa kuliziba: ichuje watu kwa vipimo visivyotoboa moyo wala mishipa yake, ili katheta iwafikie wanaoihitaji. Vipimo vyenyewe ni ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ultrasaundi ya moyo ambayo wengi huiita eko, CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, sauti ya stetoskopu na hata saa ya mkononi. Mtandao wa neva wa kusoma vipimo hivi, yaani modeli ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, mtu mwenye kompyuta nzuri anaupakua bure na kuufunza kwa siku chache. Ugumu uko kabla yake na baada yake: mawimbi yaliingiaje, jibu lililotumika kuifundisha modeli lilitoka kwa nani, na namba inayotoka inampeleka mgonjwa wapi.

Nitakaa zaidi kwenye ECG, kwa sababu ndicho kipimo kilichoenea kuliko vingine na ndicho kinachoharibika bila mtu kugundua.

ECG: namba 60,000 zinazoharibika kimyakimya

ECG ya kawaida hutumia vibandiko 10, na kutoka hivyo mashine hutengeneza lidi 12, yaani pembe 12 za kuutazama umeme uleule wa moyo. Kwa sekunde 10, mashine ikichukua sampuli 500 kila sekunde, kila lidi ina namba 5,000 na rekodi nzima ina namba 60,000. Taarifa mpya, hata hivyo, iko kwenye lidi nane tu. Lidi III ni II ukitoa I. aVR, aVL na aVF nazo hukokotolewa kutoka hizohizo mbili.

Uhusiano huo ni ukaguzi wa bure. Kwenye kila sampuli, I jumlisha III lazima iwe sawa na II, na jumla ya aVR, aVL na aVF lazima ikaribie sifuri. Hesabu ya kwanza ni kanuni ya Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya ECG. Kanuni ikikataa kwenye faili lako, basi mpangilio wa lidi umechanganywa, au baadhi ya lidi ziko kwa milivolti na nyingine kwa mikrovolti, au lidi hazikurekodiwa kwa wakati mmoja. Ni mistari michache ya programu. Iendeshe kwenye rekodi zote kabla ya kufunza chochote, kwa sababu modeli haitalalamika: itajifunza takataka hizo kwa bidii ileile.

Ukaguzi huo una upofu mmoja. Waya wa mkono wa kulia ukifungwa mkono wa kushoto, mashine hukokotoa lidi baada ya kosa kutendeka, kwa hiyo hesabu inakubali vilevile. Kosa hilo hujulikana kwa umbo. Lidi I inapinduka, mawimbi P, QRS na T, ambayo ndiyo sehemu za kila pigo kwenye mchoro, yote yakitazama chini, na aVR ambayo kwa kawaida hutazama chini inatazama juu. Moyo ulioumbwa upande wa kulia wa kifua hutoa sura hiyohiyo kwenye lidi za mikono na miguu. Tofauti utaiona ukitoka V1 kwenda V6, ambako kwa mtu mwenye moyo wa kulia QRS huzidi kufifia.

Vibandiko vya kifua vina kosa lao la kila siku. V1 na V2 hukaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari. V4 iko nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, na V3 iko katikati ya V2 na V4. Watu wenye haraka huweka V1 na V2 juu zaidi, nafasi ya tatu au hata ya pili, kwa sababu hawahesabu mbavu. Matokeo yake wimbi R huonekana fupi kwenye lidi za mbele, sura inayofanana na ya mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo kwenye ukuta wa mbele. Daktari mzoefu anaweza kushuku na kuomba kipimo kirudiwe. Modeli inatoa asilimia, tena yenye nukta ya desimali.

Halafu kuna chujio la kuondoa kelele kwenye mchoro. Mashine nyingi huruhusu mtumiaji kuchagua. Kwa mtu mzima, masafa ya kutunza hufika hertz 150 juu na hertz 0.05 chini. Kwenye wodi yenye kelele za umeme mtu huwasha chujio la hertz 40 ili mchoro upendeze, na kingo kali za QRS zinalainishwa. Mwingine anapandisha chujio la chini hadi hertz 0.5 ili mstari usiyumbe mgonjwa anapopumua, na sehemu ya ST, iliyo kati ya QRS na T, inapotoka, ile ile inayotazamwa kutafuta shambulio la moyo. Sasa tuseme wagonjwa mahututi hupimwa kwa mashine moja yenye chujio moja, na wenye afya kwa mashine nyingine. Modeli itagundua chujio kabla ya kugundua ugonjwa, na kwenye majaribio ya ndani itang'ara.

Kosa linalofuata ni la waandishi wa programu. Wengi hulazimisha kila rekodi iwe na wastani sifuri na mtawanyiko moja, kwa kuwa ndivyo mafunzo ya mtandaoni yanavyoelekeza. Kwenye ECG hilo linafuta urefu wa mawimbi, na urefu ni taarifa. Kigezo cha zamani cha Sokolow na Lyon cha kutambua moyo ulionenepa misuli hujumlisha kina cha S kwenye V1 na urefu wa R kwenye V5 au V6. Ikifika milimita 35, yaani milivolti 3.5, shuku. Ukisawazisha kila rekodi peke yake, milivolti 3.5 na milivolti 1.2 zinakuwa kitu kimoja. Tumia wastani na mtawanyiko uliokokotolewa mara moja kwenye data zote za mafunzo, uuhifadhi pamoja na modeli, na uutumie huohuo siku zote.

Mwenye rekodi za karatasi ana mtihani wa ziada. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 kwa upana, na kwa kipimo cha kawaida cha milimita 10 kwa milivolti, ni milivolti 0.1 kwa urefu. Mawimbi yakiwa marefu mno, mashine au mpimaji hushusha kipimo kuwa milimita 5 kwa milivolti. Ukiskani bila kusoma alama hiyo pembeni, umekata moyo mkubwa nusu. Pia karatasi nyingi huonyesha kila lidi kwa sekunde 2.5 tu, huku lidi moja ikirudiwa chini kwa sekunde 10 zote. Modeli iliyofunzwa kwa sekunde 10 za kila lidi haiwezi kulishwa vipande vya sekunde 2.5 vilivyojazwa sifuri na ikategemewa kufanya kazi ileile. Ifunze upya kwa vipande vya namna hiyo, au usitumie karatasi.

Jibu sahihi lilitoka kwa nani

Mfano unaotajwa sana ni wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, uliochapishwa kwenye Nature Medicine mwaka 2019. Walichotafuta kwenye ECG ni kitu ambacho jicho la binadamu halikioni vizuri: moyo dhaifu. Kipimo cha udhaifu huo ni EF, asilimia ya damu iliyomo kwenye ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu, inayosukumwa nje kwa pigo moja. Modeli ilifunzwa kwa wagonjwa 44,959 waliokuwa na ECG na eko, ikajaribiwa kwa wengine 52,870. Kwa kutambua EF ya asilimia 35 au chini, AUC, kipimo cha uwezo wa kutofautisha wagonjwa na wazima ambacho nitakieleza chini, ilikuwa 0.93, ilinasa asilimia 86.3 ya wagonjwa na kuwaacha kwa usahihi asilimia 85.7 ya wasio nao.

Siri ya kazi ile, kwa maoni yangu, iko kwenye ndoa ya ECG na eko. Jibu halikutoka kwenye msimbo wa malipo wala kwenye maneno ya faili la mgonjwa. Lilitoka kwenye kipimo kingine, kilichofanywa siku za karibu. Anayetaka kufanya kazi ya namna hii aweke kikomo cha siku kati ya vipimo viwili, wiki mbili kwa mfano, na akitupe kila kilicho nje ya hapo. Moyo uliokuwa na EF ya 30 mwezi Januari unaweza kuwa na 48 mwezi Agosti baada ya dawa, na jibu la Januari likibandikwa kwenye ECG ya Agosti umeifundisha modeli uongo.

Msimbo wa malipo ni chanzo kibaya kuliko vyote. Mtu huandikiwa "ugonjwa wa moyo" ili kipimo kiidhinishwe, kipimo kinamwondolea shaka, msimbo unabaki.

Kisha kuna mtego wa modeli kusoma matibabu badala ya ugonjwa. Mgonjwa mwenye betri ya moyo (pacemaker) ana vijiti vya umeme vinavyoonekana kwenye ECG. Dawa ya digoksini huinamisha sehemu ya ST kwa sura ya kijiko. Wagonjwa hawa wana moyo dhaifu mara nyingi kuliko wengine, kwa hiyo modeli inapata alama za bure kwa kumtambua mtu ambaye daktari alishamtambua. Pima modeli mara mbili: mara moja kwa watu wote, na mara ya pili baada ya kuondoa wenye betri na wote ambao ugonjwa wao tayari umeandikwa. Namba ya pili ndiyo ya kuamini, na mara nyingi ndiyo isiyotangazwa.

Jambo la mwisho hapa ni mgawanyo. Gawa data kwa mgonjwa, kamwe usigawe kwa rekodi. Mtu mmoja mwenye ECG nane akiwa na tano upande wa mafunzo na tatu upande wa majaribio, modeli inamkumbuka kama mtu anavyokumbuka sura. Seti ya PTB-XL kutoka Ujerumani, yenye rekodi 21,799 za wagonjwa 18,869, imeshagawanywa katika mafungu 10 yanayoheshimu jambo hili, na watayarishaji wake wanashauri fungu la 9 litumike kurekebisha na la 10 kupima. Anayeanza aanzie pale.

Faili la Cleveland na asilimia 99 zake

Ukitafuta mtandaoni mradi wa kutabiri ugonjwa wa moyo, utakutana na faili moja kila mahali. Chimbuko lake ni wagonjwa 303 wa Cleveland, Marekani, data zilizowekwa wazi mwaka 1988, zenye safu 14: umri, jinsia, aina ya maumivu ya kifua, shinikizo la damu, kolesteroli na kadhalika. Nakala inayosambaa sana kwenye Kaggle, tovuti ya kugawana data, ina mistari 1,025. Hawakupatikana wagonjwa wapya. Ukiondoa mistari inayojirudia inabaki 302. Kwa hiyo ukigawa ovyo, karibu kila mgonjwa wa majaribio ana pacha wake upande wa mafunzo, na mti wa uamuzi unapata asilimia 98 au 100 kwa kukariri tu. Ngoma ikilia sana hupasuka: ukiona asilimia hizo kwenye faili hili, uliza kwanza kama mapacha waliondolewa.

Jibu nalo limepinduliwa kwenye nakala za Kaggle. Kwenye data za asili, 0 ni mtu asiye na mshipa uliobanwa zaidi ya nusu. Kwenye nakala, 1 ndiye huyo asiye na tatizo, ingawa maelezo mengi yanasema 1 ni mgonjwa. Zipo programu nyingi zinazomwambia mzima kuwa ni mgonjwa, zikiwa na vitufe vizuri na rangi za kupendeza.

Hata ukisafisha yote hayo, bado kuna swali la nani yumo ndani. Wote 303 walikuwa watu waliopelekwa kufanyiwa picha za mishipa kwa katheta, yaani walishachujwa na daktari. Ndiyo maana faili linatoa kituko: wasio na maumivu ya kifua wana ugonjwa mara nyingi kuliko wenye maumivu. Mtu asiye na maumivu hapelekwi kwenye katheta bila sababu nyingine nzito, na sababu hiyo haimo kwenye safu. Mtu akiiweka modeli hiyo kwenye simu na kuwapa watu wa kawaida, itawatisha wasioumwa na kuwatuliza wanaoumwa. Safu mbili zenye nguvu kubwa, idadi ya mishipa iliyoonekana kwa fluoroskopia na kipimo cha thaliamu, hazipatikani kwa mtu aliyeketi nyumbani akijaza fomu. Faili hili linafaa kufundishia jinsi ya kusafisha data. Kazi yake iishie hapo.

Kizingiti, na kwa nini 0.93 haitoshi

AUC ya 0.93 maana yake ni hii: chukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, na mara 93 katika 100 modeli itampa mgonjwa alama ya juu zaidi. Haisemi alama gani iwe mpaka wa kuchukua hatua, wala haisemi tahadhari ngapi zitakuwa za kweli. Hilo linategemea wagonjwa ni wangapi kati ya unaowapima.

Chukua namba za Mayo na watu 10,000. Wenye EF ya chini wakiwa asilimia 1, ni watu 100. Modeli inanasa 86 na kuwakosa 14. Kati ya wazima 9,900 inawapigia kengele bila sababu takriban 1,416. Kengele zote ni 1,502, za kweli 86, karibu 6 katika 100. Chombo kilekile ukikiweka kliniki ya moyo ambako asilimia 10 wana tatizo, kinanasa 863 kati ya 1,000 na kukosea kwa 1,287 kati ya 9,000. Hapo kengele 40 katika 100 ni za kweli. Anayeuza chombo bila kukuuliza unapima watu gani anakuuzia nusu ya hesabu.

Kengele 6 za kweli katika 100 si lazima iwe vibaya, kama hatua inayofuata ni eko isiyo na madhara na wapo watu wa kuifanya. Ni vibaya kama foleni ya eko ni ya miezi mitano. Kizingiti kipangwe kwa kurudi nyuma: hesabu kwanza ni eko ngapi za ziada zinawezekana kwa wiki, kisha tafuta alama inayotoa idadi hiyo ya kengele, kisha angalia wagonjwa wangapi utawakosa kwa alama hiyo na kama mnaweza kuishi na idadi hiyo.

Kabla ya hapo, pima kwa watu wako mwenyewe, na usidanganyike na idadi ndogo. Modeli ikinasa 17 kati ya wagonjwa 20, unaandika asilimia 85, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 62 na 97. Kwa mizania ya alama, yaani kama waliopewa asilimia 12 kweli 12 kati ya 100 wana ugonjwa, panga watu kwenye makundi 10 kwa alama zao na ulinganishe. Modeli ikipita juu au chini kwa namna moja kote, huhitaji kuifunza upya. Rekebisha alama kwa mlinganyo mdogo wa logistiki wenye namba mbili tu, mteremko na kianzio, uliokokotolewa kwa mamia kadhaa ya wagonjwa wa hapo ambao majibu yao yanajulikana.

Eko, CT na saa

Kwenye eko, akili mnemba ina kazi mbili tofauti zinazochanganywa. Ya kwanza ni kumwongoza mshika kifaa: sogeza kushoto, inamisha, shikilia hapo. Utafiti uliochapishwa na JAMA Cardiology mwaka 2021 uliwapa wauguzi wanane wasio na uzoefu wa eko programu ya namna hiyo, kila mmoja akapiga wagonjwa 30. Picha zilitosha kutathmini ukubwa na nguvu ya ventrikali ya kushoto kwa asilimia 98.8 ya wagonjwa 240. Ya pili ni kusoma picha. EchoNet-Dynamic ya Stanford, iliyotolewa mwaka 2020 pamoja na video 10,030 za wazi, hukadiria EF ikikosea kwa wastani wa pointi 4.1. Mwaka 2023 jaribio la eko 3,495, ambamo daktari hakuambiwa makadirio ni ya nani, lilionyesha kwamba daktari alibadilisha kwa kiasi kikubwa asilimia 16.8 ya makadirio ya awali ya akili mnemba, na asilimia 27.2 ya yale ya wataalamu wa ultrasaundi.

Pointi 4.1 ni nzuri, lakini izingatie ukiwa karibu na mpaka. EF ni ujazo wa moyo ukiwa umejaa ukitoa ujazo wake ukiwa umejikunja, gawanya kwa ule wa kwanza. Mililita 120 na 50 zinatoa asilimia 58. Jibu la 38 haliwezi kukuambia kwa uhakika kama mgonjwa yuko chini ya 40. Kosa la upigaji linaloharibu zaidi ni kukata ncha ya moyo: kifaa kikikaa mbavu moja juu, ventrikali inaonekana fupi na ya mviringo, ujazo unapungua, na EF mara nyingi inapanda uongo. Na kama atiria, vyumba vya juu vya moyo, zinapapatika, kila pigo lina EF yake. Chukua wastani wa mapigo matano. Pigo moja, hata likipimwa na mashine bora, ni bahati nasibu.

CT ni hadithi fupi zaidi. Picha za mishipa ya moyo hugeuzwa kuwa umbo la pande tatu, kisha kompyuta hukokotoa mtiririko wa damu na kukadiria FFR, uwiano wa shinikizo baada ya mbano na shinikizo kabla yake, ambao zamani ulihitaji waya ndani ya mshipa. Matokeo ya 0.80 au chini huashiria mbano unaonyima misuli damu. Programu ya kampuni ya HeartFlow iliidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2014. Inategemea picha: mapigo yakizidi 60 hivi kwa dakika picha inatikisika, chokaa nyingi kwenye ukuta wa mshipa huvimba kwenye picha na kufanya mbano uonekane mkubwa kuliko ulivyo, na stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wazi, hufunika kilicho ndani. Kipimo hakitoboi moyo, lakini mionzi na dawa ya rangi yenye ayodini vimo, na figo mbovu haziipendi. Kipimo cha chokaa kisichotumia dawa ya rangi ni chepesi zaidi, ila alama 0 haimwondolei shaka kijana mwenye maumivu ya kifua. Utando laini usio na chokaa hauonekani.

Saa husoma damu kwa mwanga wa kijani na kutafuta mapigo yasiyo na mpangilio. Apple Heart Study, utafiti wa saa za Apple, ilikuwa na washiriki 419,297, na waliopata tahadhari walikuwa asilimia 0.52. Kati ya 450 waliorudisha kibandiko cha kurekodi, asilimia 34 walikutwa na mpapatiko wa atiria. Mpapatiko huja na kuondoka, kwa hiyo asilimia 66 waliobaki si lazima walikuwa wazima. Saa yenye ECG hutoa lidi moja kwa sekunde 30. Haigundui shambulio la moyo, na hata ECG kamili ya lidi 12 inaweza kuwa ya kawaida wakati shambulio linaendelea. Ndiyo maana hospitali hupima troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, kwenye damu na kurudia baada ya saa chache. Mwenye kifua kinachobana na jasho linalomtoka asisubiri saa iseme.

Baada ya kengele kulia

Jaribio la EAGLE, lililochapishwa mwaka 2021, liliichukua modeli ya Mayo na kuipeleka kwa vikundi 120 vya huduma ya msingi, wagonjwa 22,641. Vikundi vilivyoonyeshwa matokeo viligundua EF ya chini ndani ya siku 90 kwa asilimia 2.1 ya wagonjwa, na visivyoonyeshwa asilimia 1.6. Faida ipo. Lakini kati ya wagonjwa ambao modeli iliwapigia kengele, waliofanyiwa eko upande wa walioonyeshwa walikuwa asilimia 49.6. Nusu nyingine kengele ililia, ikasomwa au isisomwe, na maisha yakaendelea. Hakuna safu ya ziada ya mtandao wa neva itakayotibu hilo. Kinachosaidia ni jina la mtu anayepokea kengele, muda wa mwisho wa kuijibu, na ombi la eko linalojitengeneza lenyewe likisubiri sahihi tu.

Kabla ya kumwonyesha daktari yeyote, iache modeli ifanye kazi kimya kwa wiki kadhaa. Kwa kila kipimo hifadhi alama, toleo la programu, aina na namba ya mashine, chujio lililowashwa, na sababu ya rekodi kukataliwa kama ilikataliwa. Kisha, kila Jumatatu, hesabu mgao wa kengele kwa kila mashine peke yake. Tuseme mashine tatu zinatoa kengele 8 katika 100 na ya nne inatoa 14, ilhali wagonjwa ni walewale. Usianze na modeli. Nenda kwenye ile mashine, angalia chujio, kisha mtazame mpimaji anavyohesabu mbavu.